Mvinyo Wangu Mweupe Uliomiminwa Chunguni

Kwa Mheshimiwa Mchungaji Februarie,
Nyumba ya Mchungaji, nyuma ya kanisa,
Paarl.

YAH: KUDHALILISHWA KWA CHUPA YANGU NYUMBANI KWA BIBI LENIE FORTUIN

Mheshimiwa Mchungaji,

Pokea salamu zangu za heshima. Ni mimi Ezau Hartnick, kinyozi wako, ambaye kwa miaka yote hii sijawahi kukutoa damu. Nakuandikia nikiwa na akili timamu na hasira iliyokomaa. Jumamosi nilialikwa chakula cha jioni kwa Bibi Lenie, mjane wa marehemu Abel Fortuin. Nia yangu kwa mama huyo unaijua, maana nilikuomba uniombee. Kwa yaliyotokea, naona hukuomba kwa bidii.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu nilivyohangaika. Mji huu kila mtu kazaliwa katikati ya mizabibu, kwa hiyo kila mtu bingwa. Wateja walinishauri huku sabuni ikiwa bado mashavuni. Mmoja akasema, "Mpelekee mtamu, wajane wanapenda utamu." Mwingine, "Beba ule wa boksi wenye bomba, mtakunywa hadi Jumatatu." Binamu yangu Hannes, mtu anayenywea mvinyo kwenye kikombe cha mswaki, alinihubiria eti habari za harufu ya mapera. Niliwapuuza wote. Nikapanda mwenyewe hadi mashamba ya mlimani, nikaonja, nikatema, nikakataa, mpaka nikaupata mweupe wa zabibu ziitwazo steen, wa mizabibu mikongwe, mkavu lakini wa heshima, kama mahubiri yako. Nikauviringisha kwenye taulo lenye maji ya baridi na kuupakata njia nzima.

2. Kuhusu Apollis. Hakuna aliyeniambia kwamba mwalimu mkuu mstaafu Apollis naye kaalikwa. Alikuja na tai, na chupa yenye picha ya kipepeo ambayo naapa aliiokota supamaketi, pale karibu na soseji. Na mvinyo huo, Mchungaji, ukafunguliwa! Ukamiminwa kwenye glasi za harusi. Bibi Lenie akamwambia, "Mwalimu, karibu sana, umetuheshimu kweli." Apollis akatia barafu. Barafu! Kisha akatangaza kwamba unateleza vizuri. Hata maji ya bomba yanateleza.

3. Kuhusu heshima. Mimi sikuitwa Bwana Hartnick. Niliambiwa, "We Ezau, umechelewa! Leta hiyo chupa jikoni, ushike na mwiko." Mtu mzima, nimevaa shati jipya, napewa mwiko, na Apollis kakalishwa kwenye kochi kama gavana.

4. Sasa nafika kwenye kidonda. Jikoni kulikuwa na chungu cha mchuzi wa kondoo na maua ya bwawani, yale tunayopikia, maana ndio msimu wake. Bibi Lenie akang'oa kizibo. Hakunusa, hakusoma hata lebo. Akaumimina wote chunguni. Wote, Mchungaji! Akaniambia, "Koroga, usinikodolee macho." Akaongeza kwamba chungu kile hakijaonja mvinyo tangu Abel azikwe. Sasa hilo linanihusu nini mimi? Kama chungu kilikuwa na kiu, si kingepewa ule wa kipepeo? Dada yake Katriena akaanza kufuta machozi kwa aproni, na vitunguu vilishakatwa zamani. Familia nzima ile ina mambo yake.

5. Kwamba mchuzi ulikuwa mtamu si utetezi. Nilikula sahani tatu kwa uchungu.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: Bibi Lenie asimamishwe kuoka keki za kanisa mpaka atakapojua tofauti ya kinywaji na kiungo, Jumapili uhubiri juu ya kuthamini zawadi, ukiwa unatazama benchi la pili anapokaa yeye, barafu ipigwe marufuku kwa walimu wastaafu, na jina langu ulitoe kwenye maombi yale. Nimekata tamaa. Nimeumia, Mchungaji. Nilitaka anywe kidogo, anitazame, aseme neno moja tu. Basi.

Nisalimie mama mchungaji, mpiga kinanda, wazee wa kanisa na kwaya nzima, ukiacha besi ya pili, ambayo ni Apollis.

Wako mtiifu, mwenye jeraha,
Ezau Hartnick

N.B. Nilikuwa nalamba gundi ya bahasha Bibi Lenie alipoingia dukani kwangu na bakuli la mchuzi uliobaki. Akaniuliza nimenunia nini, nami nikamwaga yote: chupa, glasi, kipepeo. Alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Ezau, wewe mjinga kweli! Kwetu mvinyo wa mgeni unatiwa kwenye glasi, tunausifu, anakwenda zake. Wa mwenye nyumba ndio unaingia chunguni. Mama yangu alifanya hivyo, na chupa za Abel zote ziliishia humo humo. Ulitaka nikwambieje, nipige kengele?" Halafu akanitazama, Mchungaji.

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta. Barua sikuichana kwa sababu lile la barafu bado nalisimamia. Jina langu lirudishe kwenye maombi, uweke na la Bibi Lenie kando yake, na utujulishe ni Jumamosi ipi kanisa lina nafasi. Apollis naye aalikwe. Glasi yake ipo, na barafu nitamtilia mimi mwenyewe.