Kanga ya Kumtunza Mwanaharusi

Jumatatu, 8 Oktoba 2012

Leo naanza kuandika. Mwanangu Mwanaharusi akishakuwa mtu mkubwa, watu watakuja Kiegeani kuuliza alianzaje. Sitaki wawaulize majirani.

Habari yenyewe: amechaguliwa. Mashindano ya kuandika Kiingereza, Jumamosi, Kilindoni. Watoto wa Kidato cha Pili kutoka kisiwa kizima. Unapewa neno, unapewa na mkia wa kuliongezea, unaandika ubaoni. Kama "stop" ukilitia "ing". Atakayeshinda, hoteli moja ya Ghuba ya Chole itamsomesha mpaka amalize Kidato cha Nne, na wakati wa likizo atakuwa anapokea wageni wanaokuja kuzamia. Mume wangu Shaibu alishasema Kidato cha Pili ndio mwisho wa uwezo wetu, baada ya hapo mtoto akae na mimi asuke ukili wa mikeka. Kwa hiyo si mchezo.

Nimemwambia Somoe peke yake, jirani yangu na shoga yangu, kwa siri. Kabla ya alasiri nilishapewa hongera mpaka na watu wa msikitini. Shaibu akasema mtoto kachaguliwa, hajashinda. Huyu mwanamume hata siku ya harusi yetu aliuliza kama pilau litatosha.

Jioni nikapita zahanati. Siumwi. Nilikwenda kumwambia Mama Careen. Ni nesi, jina lake Jovina, mtu wa bara, kiatu chake hakiujui mchanga. Akanijibu kwa upole kwamba Careen wake naye kachaguliwa, na kwamba kwao wakati wa chakula wanaongea Kiingereza. Nikamwambia wangu anaota kwa Kiingereza.

Si kweli. Anaota kwa Kiswahili, na mara nyingi anamgombeza mbuzi.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimeamua kumfundisha mwenyewe. Mimi nimesoma hadi la saba na nilifaulu, ila nafasi hazikutosha. Nikamwambia asome kanuni zake kwa sauti huku mimi nashona mkeka wangu. Ni mkeka mrefu, wa rangi ya zambarau na kijani, sijaamua ni wa nani.

Nilidhani Kiingereza kigumu. Kumbe ni adabu tupu. Neno "make" lina e mwishoni, hasemi kitu, amekaa tu. "Ing" akibisha hodi, e anainuka anampisha mgeni. "Making". Huko kwao Wazungu walilelewa. "Stop" naye, p wake hawezi kwenda kukutana na "ing" peke yake, anatafutiwa p mwenzake wa kumsindikiza, kama msichana anayetumwa Kilindoni. "Baby" wakiwa wengi, y hatoki na nguo za nyumbani, anavua anavaa i. Lakini y wa "boy" yuko na ndugu yake o pembeni, yeye anatoka alivyo.

Mwanaharusi akasema mama, hata Mwalimu Edwin hajatueleza hivyo. Najua.

E mmoja tu sikumpenda, wa "change". Akija "ing" anapisha vizuri. Akija "able" anagoma. Amekaa na g wake, hasikii la mtu. "Changeable". Nikamwambia mwanangu, huyo ni baba yako mdogo Hemedi. Hemedi ni shemeji yangu, mdogo wake Shaibu. Alikuja kutusalimia Idd iliyopita na begi dogo, na begi bado liko nyuma ya mlango. Mwanaharusi alicheka mpaka daftari likaanguka. Hemedi akauliza kutoka chumbani tunacheka nini. Nikamwambia Kiingereza.

Jumatano, 10 Oktoba

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Nilisikia Mama Careen anampa mwanawe asali na karanga za kuongeza akili. Karanga. Mimi najua dawa ya akili tangu kwa bibi yangu: kichwa cha samaki. Nikapata kichwa cha chewa, kikubwa, cha jana, nikakitia ndimu nyingi. Alfajiri nikamsimamia mtoto akala chote, na macho. Alisema kinanuka. Nikamwambia ndiyo harufu ya akili.

Saa nne wakamrudisha kutoka shule ameshikiliwa na wenzake wawili. Tumbo. Na zahanati ni ile ile, na nesi ni yule yule.

Mama Careen akaniuliza mtoto kala nini. Nikasema chakula cha kawaida. Mwanaharusi, na ugonjwa wake wote, akasema kichwa cha chewa cha jana. Mama Careen hakucheka. Aligeukia kabati la dawa akakaa huko muda, mabega yanatikisika. Kisha akamkorogea mtoto dawa ya maji, akamnywesha kijiko kwa kijiko, akamfuta uso kama wake. Hilo sikulitegemea na sikulipenda, maana sasa siwezi kumsema kwa raha.

Mchana Careen akaja kutoka shule, akakaa na mwanangu kwenye benchi. Wakaanza kuulizana maneno. Nikakohoa, ili mtoto asitoe siri za nyumba. Nikakohoa tena. Mama Careen akaniuliza kama na mimi nataka dawa. Nilipogeuka nikasikia Mwanaharusi anamweleza habari ya e na Hemedi, Careen kalala kwenye benchi kwa kicheko. Elimu yangu yote, bure.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mtoto kapona. Alhamdulillahi. Mpango mpya, na huu hauna samaki.

Mtu wa kwetu hapelekwi mbele za watu kama mkungu wa ndizi. Anasindikizwa. Nimekusanya wenzangu wote wa ukili, tumekubaliana sare: kanga nyekundu. Nami nimetoa sandukuni kanga moja mpya kabisa, bado ina wanga, haijaguswa na maji. Hiyo ni ya kumtunza. Mwanangu akifanya vizuri nitainuka, nitakwenda mbele kwa mwendo wa taratibu, nitamfunika mabegani, dunia ione ana mama.

Jioni akaja Mwalimu Edwin, yule wa Kiingereza, kijana wa Moshi. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikampa chai. Kasikia habari ya sare. Akaniomba sana: kwenye mashindano watazamaji wanakaa kimya. Nikamwambia mwalimu, hayo tumezaliwa nayo. Mwimbaji akiwa anaimba nani anapiga kelele? Unamngoja afike mwisho wa ubeti, ndipo unamtunza. Akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Halafu akanywa chai yake.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tulikwenda na gari la kubebea nazi, sisi na wekundu wetu, na Hemedi ambaye hakualikwa. Ukumbi umejaa. Mkuu wa majaji ni Bwana Emmanueli, mwalimu mstaafu, mezani ana kengele ya kugonga kwa kiganja. Akatoa masharti. Mtoto anaandika ubaoni. Akimaliza anageuka, anasema nimemaliza, ndipo majaji wanatazama. Ambaye hajageuka hajamaliza.

Watoto wakapukutika. Wa kwanza alimwacha y na nguo za nyumbani, nikamhurumia mama yake. Mwisho wakabaki wawili: Careen na Mwanaharusi. Mama Careen alikuwa upande wa pili, kaukumbatia mkoba wake kama utamtoroka.

Careen akapewa neno, akapata. Mwanaharusi akapewa "carry" na "ed". Akaandika. Nikamwona y anavua anavaa i, mbele ya watu wote wa Kilindoni. "Carried". Mwandiko kama wa kitabuni.

Mimi ni binadamu. Niliinuka.

Sikupiga kelele, nilimwahidi mwalimu. Nilikwenda taratibu, bega hili, bega lile, kanga mpya nimeitandaza mikononi, Somoe na wenzangu nyuma yangu mstari mmoja. Nikamfunika mwanangu. Kumbe alikuwa hajageuka. Pindo moja likaangukia ubaoni. Nikalivuta nilitengeneze likae vizuri. Nikalivuta tena. Kanga mpya yenye wanga inafuta kuliko dasta. Ubaoni zikabaki herufi mbili.

Kengele.

Bwana Emmanueli akauliza huyu mama ni nani. Nikamwambia mama wa mshindi. Akasema neno halipo ubaoni na mtoto hajasema nimemaliza, kwa hiyo ni kama hakuandika. Jaji wa pembeni akaongeza kwamba kumgusa mshiriki ni kumsaidia, na aliyesaidiwa anatolewa. Mwanaharusi kasimama na kanga yangu mabegani, macho chini. Mtoto huyu hunitazama hata akipigwa sindano. Leo hakunitazama.

Kisha Careen akainua mkono. Akampa Bwana Emmanueli shikamoo yake, akasema yeye alikuwa karibu na ubao, aliliona neno zima, lilikuwa sawa. Akalitaja herufi kwa herufi. Akasema akishinda kwa sababu ya kanga hatajisikia kama kashinda.

Majaji wakanong'onezana. Mwisho Bwana Emmanueli akasema kila mmoja atapewa neno jipya, kwa sharti moja. Mama mwenye kanga atoke nje. Somoe akauliza je, na sisi wasindikizaji? Akajibiwa wasindikizaji wabaki, ila makalio yasiachane na viti.

Nikatoka. Nikakaa ngazini. Mara Mama Careen naye akatoka, akakaa pembeni yangu, viatu mchangani. Nikamuuliza yeye kafukuzwa na nani. Akasema hakuna, ila hawezi kutazama. Akasema kwao bara na yeye alikuwa wa kwanza kusoma, na mama yake alikuwa anamngojea nje ya kila mtihani. Nikamwambia wangu akikosa leo atasuka ukili na mimi, na hana mkono wa ukili hata kidogo, vidole vyake vya kalamu. Sikuwahi kumwambia mtu hilo. Akatoa chupa ya maji mkobani, tukanywa kwa zamu.

Mle ndani kimya. Alinishika mkono, au mimi ndiye niliyemshika, sikumbuki.

Kikapigwa kigelegele. Tukatazamana. Sauti ya Somoe, lakini Somoe humpigia kigelegele hata jogoo. Tukabaki tumeshikana mpaka alipochungulia mlangoni.

"Mama Mwanaharusi," akasema, "inuka, mwanao huyo."

Mama Careen akauachia mkono wangu. Halafu akaushika tena, akanipa hongera. Nikataka kumwambia jambo zuri kupita yote niliyowahi kusema. Nikamwambia kamusi nayo si haba, maana ndiyo zawadi ya mshindi wa pili. Akanikazia macho. Sijui kwa nini.

Kanga nimempa Careen. Ina chaki upande mmoja, lakini kajifunga hapo hapo, akarudi nayo mpaka Kiegeani. Mwanaharusi alikaa katikati yetu garini. Tulipofika karibu na nyumbani akaniegemea.

Jumatatu, 15 Oktoba

Wageni tangu jana. Chai imekwisha, sukari imekwisha, Shaibu anapokea hongera kana kwamba alisema lolote.

Leo ndio nimepata kumuuliza mtoto ilikuwaje. Anasema Careen aliandika kwa haraka akaruka herufi. Yeye akapewa "change" na "able". Akili ilikuwa bado iko kwenye yale ya kanga, akawa anataka kumtoa e. Akageuka kidogo kuvuta pumzi, akamwona baba yake mdogo Hemedi kahamia kiti cha mbele, kile nilichokiacha mimi, mtu wa mlangoni anamwambia atoke na yeye hatoki. Akamwacha e palepale.

Sasa Hemedi anazunguka kijijini akisema yeye ndiye aliyemshindisha mtoto. Begi lake kalihamishia chumba cha mbele.

Upuuzi. Mtu yeyote mwenye macho anaona kilichotokea. Kabla ya kanga walikuwa sawasawa, yeye na Careen. Baada ya kanga, mwanangu akashinda. Nimemweleza Mwalimu Edwin hesabu hiyo, akakubali kwamba kweli kanga ilitangulia. Akaomba tu kwamba siku nyingine nipumzike nyumbani. Kijana anajali afya yangu.

Desemba anaanza hotelini. Siku ya kwanza atasimama gatini kupokea wageni kutoka Ulaya, kwa Kiingereza, peke yake. Jioni hii kaniketisha, kamwita na baba yake awe shahidi, kaniapisha. Hakuna kanga. Hakuna vigelegele. Hakuna Somoe. Naruhusiwa kuja, lakini nikishakaa nisiinuke mpaka wageni wamalize kupita. Kasema mama, tafadhali. Akanitazama machoni, na mimi nisingeweza kumkatalia kitu akinitazama hivyo.

Nimeapa. Na kiapo ni kiapo. Kanga zote nimezifungia sandukuni, ufunguo nimempa Shaibu. Somoe nimemwambia, akalia kidogo, akaelewa.

Mkeka hakuna aliyeutaja. Zambarau na kijani, umebaki vipande vichache tu ufike kutoka gatini mpaka mlango wa hoteli. Mama Careen kaja kuutazama, kasema yeye atashika upande wa pili. Na kuinuka hatutainuka. Mkeka hutandazwa kwa kuinama.