Mabati Arobaini ya Sinema

Kwa kutambua kuwa kicheko ni nguzo ya maendeleo, Idara ya Mapokezi ya Wageni wa Kujitolea iliutangazia umma kwamba imeruhusu sinema ya kuchekesha kuhusu vijana wa ng'ambo wanaokuja kuezeka zahanati. Sharti lilikuwa moja: Mkuu wa Idara aigizwe na Mkuu wa Idara mwenyewe. Waigizaji wa kawaida, alieleza, hawana cheo.

Mitaani walimwita Rudi Kesho. Hakuchukia, aliona ni jina la mtu mwenye ratiba.

Zahanati yenyewe haikuhitaji kuigiza. Upepo uling'oa paa miaka mitatu nyuma, na muuguzi alizalisha kina mama chini ya turubai huku fomu yake ya mabati ikikomaa mezani kwa Mkuu. Mabati arobaini yalikuwepo stoo. Sahihi ndiyo iliyokosekana.

Siku ya kupiga picha, Mkuu alipakwa poda, akaketi ofisini kwake. Vijana sita wa ng'ambo wakapiga magoti kumlilia mabati, kama hadithi ilivyotaka. Mwongozaji akampa karatasi tupu asaini.

"Tupu?" Mkuu alinuna. "Nisaini hewa? Hapa hatufanyi mambo ya kubabaisha! Muuguzi, fomu yako iko wapi?"

"Chini ya kikombe chako, mzee," alijibu muuguzi, aliyekuja kuiulizia kama kila Jumatatu.

Mkuu alisaini kwa madaha, akagonga muhuri mara tatu ili kamera ishibe. Alipomaliza kufutwa poda, fomu haipo, muuguzi hayupo, na wale vijana sita nao hawapo.

Mtunza stoo alieleza baadaye kuwa tangu aajiriwe hajawahi kuona karatasi iliyokamilika namna ile.

Asubuhi Mkuu alifika zahanati akihema. Paa liling'aa.

"Shusheni! Yale yalikuwa maigizo!"

Muuguzi, aliyempakata mtoto wa siku moja, alimpa kalamu. "Sawa, mzee. Andika tu kwamba uligonga muhuri wa serikali kwa mchezo. Nitayashusha mwenyewe."

Mkuu aliirudisha kalamu. Alitangaza kuwa Idara imetekeleza mpango wake kwa wakati.

Aliporudi ofisini alikuta foleni imefika barabarani: walimu wakuu, fundi bomba, mkunga wa ng'ambo ya mto, kila mmoja na fomu yake iliyochakaa.

"Wanataka nini hawa?" alimuuliza katibu wake.

"Wanasema wamekuja kuigiza, mzee."