Mwalimu wa Betri

Shule ya Shamba la Mkonge,
Gatuanyaga, Thika.
12 Juni, 1958.

Kwa Bwana Mkaguzi wa Shule,
Thika.

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima, na naomba uniwie radhi kwa mwandiko huu mbaya: mkono wangu una malengelenge ya kushika waya wa redio uliyotuletea mwezi wa pili. Hatukuwa tumeiomba, lakini tunashukuru. Kwa kuwa sasa mimi na redio tunafundisha Darasa la Nne pamoja, nimeona nikueleze tabia za mwenzangu kabla hatujakosana kabisa.

1. Anauliza maswali lakini hangoji majibu. Jumanne ya kwanza alisema, kwa sauti yake tamu ya Nairobi, "Nani anajua? Inua mkono." Ngendo, msichana ambaye tangu Januari hajawahi kuniinulia mimi mkono, akauinua. Mwenzangu akanyamaza kidogo, akasema, "Vizuri sana," akaendelea na mengine. Ngendo akabaki na mkono juu. Nikamwambia aushushe. "Ngoja kwanza, mwalimu," akaninong'oneza, "bado hajaniona." Aliushusha kipindi kilipokwisha. Wenzake walitoka kucheza, yeye akabaki kwenye dawati.

2. Anapenda kuamuru. "Fungueni ukurasa wa kumi na mbili." Wanafunzi ni hamsini na wawili, vitabu ni vinne, na ukurasa wa kumi na mbili umebaki katika kimoja tu. Nikimaliza kuuzungusha darasani, yeye yuko ukurasa wa ishirini.

3. Amenipokonya wazazi. Mama Mwongeli, ambaye shamba lake linapakana na shule, alikuja kumwomba atangaze mbuzi wake aliyepotea. Nilimwambia redio haisikii. Akaniambia niache wivu. Akaketi mbele yake, akaeleza rangi ya mbuzi, pembe zake, na ubaya wa jirani anayeshukiwa. Alipoinuka alisema, "Huyu mwalimu mpya ana adabu. Hajanikatiza hata mara moja." Kesho yake walikuja wazazi kumi na saba, na wewe wajua jinsi mikusanyiko inavyotazamwa siku hizi za Hali ya Hatari. Askari wa chifu alikuja kuwatawanya. Naye akabaki kusikiliza.

4. Ni mtoro. Mvua ikinyesha upande wa Ol Donyo Sabuk, mwenzangu anakoroma tu. Nimemwandika kwenye rejista kama mwalimu yeyote: hayupo, hayupo, amechelewa, hayupo. Nimempa barua tatu za onyo. Ziko juu yake hadi leo, hajajibu hata moja.

5. Hili la tano ndilo lililoninyima raha. Msaidizi wako, Bwana Philip, alikuja kutukagua. Aliketi nyuma akasikiliza kipindi chote huku mimi nimesimama dirishani nikiinua waya. Nimeiona nakala ya ripoti yake. Ameandika: "Mafunzo ni bora sana. Pana mtu wa kushika waya. Shule hii yaweza kupunguziwa mwalimu mmoja." Bwana Mkaguzi, mtu huyo wa waya ni mimi. Nimefundisha hapa miaka kumi na mmoja. Nilitoka Kisumu na sanduku moja, na nusu ya makarani wa kiwanda cha mkonge walijifunzia kuandika majina yao mbele yangu.

Kwa hiyo naomba haki itendeke. Kama redio ni mwalimu, basi afanye kazi ya mwalimu. Achimbe choo cha wavulana, ambacho kimejaa. Azike wafu wa kijiji na kutoa hotuba fupi. Na mtoto akishikwa na homa darasani, kama Kagwe alivyoshikwa mwezi jana, ambebe kwa baiskeli hadi hospitali Thika, huku akimsemesha njia nzima ili asilale. Akishindwa, naomba afukuzwe kazi. Au, kwa huruma, ahamishiwe Ruiru, ambako nasikia shule zina vitabu.

Wasalimie wote ofisini, na karani wa mihuri, na Bwana Philip pia. Msalimie hasa dereva aliyeileta redio akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Yeye hana kosa.

Ni mimi mtumishi wako, mwenye waya,
Absalom Awiti, Mwalimu.

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha. Betri imekufa leo saa nne na nusu. Tafadhali tuma nyingine kabla ya Jumanne, hata kama barua hii hutaisoma yote. Mwenzangu alikuwa kwenye hesabu ya kugawanya sehemu kwa sehemu, kama nusu kwa robo. Alisema, "Mwalimu wenu amewafundisha kuigeuza ile ya pili juu chini. Sasa tutaona ni kwa nini," kisha akanyamaza. Bwana, nimewageuzia watoto sehemu kwa miaka kumi na mmoja, na sijui ni kwa nini. Kama hakuna gari, nitaifuata betri mwenyewe kwa baiskeli.