Madirisha Mawili, Baba Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye ofisi ya uraia, mkabala na studio yangu. Vibanda vyetu vinabomolewa. Vipya watapewa raia tu, mwisho wa kujiandikisha Ijumaa ya wiki ijayo. Miaka tisa nawapiga watu picha za kuombea uraia, mwenyewe sina! Kinyozi hajinyoi, wahenga hawakukosea.

Nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, kwao mama. Baba ni raia, mpima ardhi mstaafu. Kwa hiyo njia ni mbili. Ya kwanza, uraia kupitia kwa baba: aje mwenyewe aape kwamba mimi ni mwanawe. Ya pili, tajnisi, yaani kuomba uraia kama mgeni yeyote. Nimechagua tajnisi. Baba sijasema naye miaka kumi na moja, tangu aliposema kupiga picha ni kazi ya kubonyeza kidude. Niliapa sitamwomba hata maji.

Jumanne, 4 Machi

Jirani yangu wa mashine ya fotokopi, tunamwita Kopi, naye anaomba tajnisi. Ana faili lenye vigawanyio vya rangi! Kaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nahitaji msaada. Nikamjibu mambo yangu yako jikoni. Hata moto sijawasha.

Fomu inauliza kama mzazi yeyote ni raia. Nimeandika: hapana. Baba: hajulikani. Kalamu ilisita. Nikailazimisha. Nimepeleka dirisha la saba.

Alhamisi, 6 Machi

Kumbe tajnisi huchukua zaidi ya mwaka! Kopi alijua, alianza mwaka juzi. Njia ya baba ni siku chache tu. Mkakati mpya: madirisha yote mawili. Litakalowahi ndilo langu.

Mama hunitembelea kila Alhamisi kwa kisingizio cha sokoni. Leo nimemwomba cheti cha kuzaliwa cha baba, akarudi nacho mchana. Nimemsihi asimwambie mzee. Akasema amesikia.

Picha nimejipiga mwenyewe. Ya fomu ya pili nimechana nywele upande mwingine na kuvaa miwani isiyo na vioo. Koti ni lilelile la studio, wanalovaa wateja wote. Nimeipeleka dirisha la tatu. Akili ni nywele!

Ijumaa, 7 Machi

Maafa. Madirisha mawili, karani mmoja! Mwenzake yuko likizo. Karani huyo kaziweka fomu zangu sambamba. Akasema koti hilo ameshaliona kwenye picha mia nne, analijua mpaka kifungo kilichokatika, ila kwa kawaida sura hubadilika. Akauliza uongo ni upi. Nikajitetea kwamba nilidhani zinasomwa na watu tofauti. Akasema huo si utetezi, huko ni kukiri.

Nimefuta ombi la tajnisi kwa maandishi, nikapewa barua ya onyo. Baba asipofika kuapa kabla ya Ijumaa, kibanda sina, na faili linakwenda kwa wanasheria. Nilipotoka, Kopi kaniuliza kama barua ya onyo nitahitaji nakala.

Jumatatu, 10 Machi

Mtu wa kawaida angebisha hodi kwa baba yake. Mimi nimetengeneza tangazo: PICHA ZA BURE KWA WASTAAFU, JUMATANO SAA MBILI. Nimempa mama alipeleke. Kalisoma mara mbili, kisha akalikunja vizuri. Mzee akishakaa kwenye kiti, kumvusha barabara si kazi.

Jumatano, 12 Machi

Amefika saa tatu. Mtu huyu hajawahi kuchelewa maishani! Na amezeeka. Hakuna aliyeniambia. Kakitazama kiti, akasema kimeinamia kushoto. Kweli kimeinama. Nikapiga picha tatu, zote zikatoka na ukungu, nilisahau kurekebisha lenzi.

Nikaanza hotuba yangu kuhusu umuhimu wa wastaafu kunyoosha miguu. Akanikatiza. Akasema ametoka dirisha la tatu sasa hivi. Ameshaapa! Mama alimweleza siku ileile ya cheti. Akasema nakala ya cheti hicho ilikuwa kwenye bahasha yenye jina langu tangu mwaka nilioondoka, akisubiri niiombe. Kisha akauliza kwa nini sikusema tu.

Nilikwenda nyuma ya pazia nikalia. Nilikuwa na hamu na mzee yule miaka yote, na nilikuwa nikiiita hasira.

Akiondoka alisema Jumapili mchana nyumbani kuna chakula. Nibishe tu.

Ijumaa, 14 Machi

Barua ya uraia iko mkononi! Nimejiandikisha, kibanda nimepata. Kopi kanipongeza kwa moyo safi, na hilo limeniudhi zaidi. Yeye bado hana uraia, kwa hiyo hana kibanda. Nimemwambia alete mashine yake kwangu. Upande wa jua.

Sasa Jumapili. Kubisha tu? Baada ya miaka kumi na moja, mtu unasimama mlangoni kwa baba yako hivihivi, mikono mitupu, unasema hodi? Haiwezekani. Nina mpango safi kabisa. Saa sita na nusu nitapata pancha mbele ya geti lake, atoke mwenyewe anikute. Baiskeli ameniazima Kopi. Msumari ninao.