Nyumba ya Kwanza Mtaani

Jumatatu, 3 Juni
Mvua. Barabara inapanuliwa, nyumba za upande wetu zitabomolewa. Mpima ardhi wa manispaa kasema zitaachwa zenye historia tu. Hii aliijenga marehemu baba. Sina pengine pa kuweka ubavu. Mke wangu kasema tufunge virago. Nina mpango.

Jumanne, 4 Juni
Nimeulizia historia ya mtaa. Huzuni tupu. Palikuwa machimbo ya udongo wa matofali. Tanuri likafungwa, wachomaji wakatawanyika, wakaja makarani na kuta zao ndefu. Tangu hapo jirani humsalimu jirani kwa honi. Nyumba ya kwanza kabisa, kasema mwenye duka, ni ya fundi cherehani wa mlango wa pili. Roho imeniuma. Yetu baba aliimaliza nikiwa darasa la sita.

Jumatano, 5 Juni
Nimeizeesha nyumba. Nimebandua plasta, nimepaka masizi, nimepinda mabati. Mke wangu kauliza kama mimi ni mzima. Fundi cherehani kachungulia, kanipa pole, kisha kaanza kupaka yake rangi. Anauficha uzee wa nyumba yake mwenyewe! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Yeye ana kipara.

Alhamisi, 6 Juni
Mvua kubwa. Maji yamepita kwenye mabati. Ukuta wa chumba cha baba umepasuka toka juu hadi chini. Nilifurahi. Kisha nikakaa kitandani pake, nikalia.

Ijumaa, 7 Juni
Mpima ardhi kaja na mhandisi. Nimewaonyesha kila ufa, nikaapa kwamba hii ndiyo nyumba ya kwanza mtaani. Mpima kasema nisijisumbue, ramani imebadilishwa, barabara itapita ng'ambo. Upande wetu umepona wote. Mhandisi kagusa ukuta, plasta ikamwangukia kiatuni. Kasema wote isipokuwa nyumba hii, itaua mtu. Inabomolewa kesho.

Jumapili, 9 Juni
Tuko kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Tunalala sebuleni. Jana sikuweza kutazama. Fundi cherehani alitusaidia kubeba kitanda cha baba, nami sikumshukuru.

Shemeji ana wasiwasi: mwenye nyumba anakuja kesho, huenda akapandisha kodi. Mke wangu kaniomba jambo moja tu, nisiguse chochote humu ndani. Wametoka wote kwenda sokoni.

Nyumba ikichakaa, nani atathubutu kupandisha kodi? Nimeanza na dari ya choo.