Mbuzi wa Kumuaga Santina

Jumatano, 11 Agosti 1993
Dada yangu Santina anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na bado hajasema nani atasimama naye kanisani. Ni mimi au binamu yetu Nora. Nora ana viatu vyeupe. Mimi nina akili.

Nimepata njia. Sista wa shuleni alinipa gazeti la akina mama, na ndani yake mna michezo ya kumuaga bibi harusi. Hapa mtaani kwetu Oli hakuna aliyewahi kuicheza. Nikiiandaa vizuri, Santina ataona nani anafaa. Mama aliuliza kama katika michezo hiyo watu watakula. Nikasema kutakuwa na chai. Akasema basi, wacha wacheze.

Mchezo mkuu ni wa kifurushi. Zawadi inafungwa kwa karatasi nyingi, wageni wanapitishiana huku ngoma inalia. Ngoma ikinyamaza, aliyekishika anatozwa faini: aimbe, acheze, au aige mwendo wa bwana harusi. Mpiga ngoma hutazama ukutani asijue kifurushi kiko wapi. Mpiga ngoma ni mimi. Ukutani nitatundika kioo.

Ijumaa, 13 Agosti
Gazeti linasema upande wa bwana harusi wasisahauliwe. Nimemwalika Bi Viktoria wa Koboko, shangazi yake Lomoro, bwana harusi wetu. Shangazi yetu Onzima akauliza kama huyo anakuja kutuhesabia sufuria. Nikamtuliza. Ni mchezo tu.

Nora ameniomba ushauri wa mavazi. Nimemshauri sketi ya kubana. Lomoro hupiga hatua kama askari anayevuka mto. Kesho Nora atamwiga akiwa ndani ya sketi ile, mbele ya Santina.

Jumamosi, 14 Agosti
Ngoma yetu ilikuwa jerikani tupu, nami niliipiga kwa ustadi. Kwenye kioo nikaona kifurushi kimefika kwa Nora. Nikanyamaza hapo hapo.

Nora ana mikono ya nyani. Alikuwa ameshakirusha. Kilimwangukia Bi Viktoria mapajani, juu ya kikombe chake. Ndani nilikuwa nimefunga mwiko, ule mkubwa wa kusongea ugali wa muhogo. Chai yote ikaingia kwenye gomesi yake nyeupe, gauni lake la sherehe.

Nikasema kwa adabu kwamba sasa Bi Viktoria ataimba. Shangazi Onzima, aliyekuwa anasinzia, akafumbua macho. Akasema wimbo si faini. Kwetu faini ina miguu minne. Akina shangazi wote wakaamka. Hawajachangamka hivyo tangu siku ya mahari, walipowatoza watu wa Koboko jogoo kwa kuchelewa na jogoo mwingine kwa kupiga honi mbele ya wazee. Wakakubaliana: mbuzi.

Bi Viktoria alijipangusa polepole. “Mbuzi iko,” akasema. “Lakini mutu anatupia mukwe mwiko, huyu faini yake iko nini?”

Akasema harusi itangoja jibu, akapanda lori la kurudi Koboko. Santina amejifungia chumbani analia. Michezo mingine yote haikuchezwa.

Jumatatu, 16 Agosti
Padri ametuma mtu kuuliza kama harusi ipo. Santina hasemi nami. Anasema na Nora, ambaye ndiye aliyerusha.

Baba mkubwa Romano, msemaji wa ukoo wetu, ndiye peke yake mwenye furaha. Amevaa koti. Amesema wakwe wasiotozana faini ni wapita njia tu. Kesho tutampeleka Koboko mbuzi wetu, nami nitaomba radhi kwa kinywa changu mwenyewe. Nimeandika hotuba nzuri. Huenda Santina akasikia nilivyoisoma na moyo wake ukageuka.

Jumanne, 17 Agosti
Vumbi la njiani lilinifanya mweupe. Nilipiga magoti, nikaanza hotuba. Bi Viktoria akanikatiza, akauliza nani alinifundisha mambo haya. Nikasema gazeti.

“Mwanangu,” akasema, “hiyo gazeti haina shangazi?” Akacheka mpaka akashika nguzo ya nyumba.

Mbuzi wao alikuwa amefungwa nyuma ya jiko tangu Jumapili, anatungoja. Tulikwenda na mbuzi, tukarudi na mbuzi. Harusi ipo. Shangazi Onzima ameona kwamba wa kwetu alikuwa mnene zaidi, na kwamba jambo hilo nalo lina faini. Baba mkubwa amemwomba anyamaze mpaka Jumapili.

Ijumaa, 20 Agosti
Santina amemchagua Nora. Anasema shela inahitaji mtu mwenye mikono myepesi. Mimi nitakaa benchi la mwisho, na nimeagizwa nisiandae kitu chochote. Nimekubali bila kununa.

Lakini gazeti lina ukurasa mmoja ambao sikuwa nimeusoma. Nje ya kanisa bibi harusi hurusha maua nyuma bila kutazama, na atakayeyadaka husimama kando yake kwenye picha. Hapo si kuandaa, ni kushauri tu. Nimemwambia Santina kwamba Kampala wote hufanya hivyo. Amekubali.

Tatizo ni moja. Nimepangiwa kusimama nyuma kabisa, Bi Viktoria akiwa mbele yangu, na maua ni mepesi. Hayatanifikia. Kwa hiyo jioni hii, Nora anayeyatunza alipokwenda kuoga, niliyafungua maua nikatia jiwe katikati. Si kubwa. Linatosha tu kumvuka Bi Viktoria, Santina akirusha kwa nguvu.