Magurudumu ya Mwalimu

Sikio la Sabuni, tapeli wa mtaa, halikuwa na likizo. Siku hiyo alikuwa dukani kwa muuza vipuri, akijifanya anachagua nati, alipomsikia mwalimu mmoja mstaafu akiambiwa magurudumu ya kumfaa hakuna.

"Mama, baiskeli yako ya zamani breki zake ni raba zinazobana ukingo wa rimu," muuzaji alisema. "Siku hizi magurudumu yanakuja ya breki za diski tu. Rimu zake hazina pa kubanwa."

Rimu za mwalimu zilikuwa zimelika, zimebaki ganda. Pacha wake alikuwa amelazwa wiki ya tatu, na bila baiskeli asingewahi saa ya kuwaona wagonjwa. Alitoka dukani machozi yakimlengalenga. Sabuni naye akatoka, roho kwatu.

Alasiri alibisha kwa mwalimu akiwa juu ya baiskeli yake kuukuu, nayo ya breki za raba, mgongoni kabeba magurudumu mawili mekundu yanayong'aa. Yalikuwa ya diski, ameyatoa kwenye vyuma chakavu.

"Shikamoo, mama. Nasikia unatafuta magurudumu."

"Marahaba, mwanangu. Haya yatashika breki?"

"Haki ya Mungu, yanashika kuliko haya niliyokuja nayo mimi. Naapa kwa kaburi la baba."

Ifahamike kwamba baba yake alikuwa hai, tena amenenepa.

Mwalimu alimgeukia fundi viatu, jirani yake, aliyekuwa akishona soli barazani. "Umesikia?"

"Nimesikia. Yanashika kuliko yake."

Sabuni aliyafunga kwa mkono wake. Alipomaliza, mwalimu akamwambia, "Ijaribu kwenye mteremko. Yako iache hapa iwe rehani."

Hapo tamaa ikamkaba. Baiskeli ya mwalimu ilikuwa nyepesi, ya bei. Yake ilikuwa imechoka kila mahali isipokuwa magurudumu. Kwa nini auze magurudumu mawili wakati anakabidhiwa baiskeli nzima? Akapanda, akapunga mkono, akaondoka akiwa hana nia ya kurudi.

Katikati ya mteremko lori la mchanga lilikuwa limeziba njia. Sabuni akabana breki. Raba zikateleza juu ya rangi, mwendo ukazidi. Alikuwa amewauzia wengi uongo, ila hakuwahi kuupanda. Akazama kichwa mbele kwenye rundo la mchanga.

Wapakuaji walimfukua, wakaitambua baiskeli ya mwalimu, wakamsindikiza kilimani kwa upole wa kutisha. Juu alikuta baiskeli yake imepinduliwa, haina magurudumu. Fundi viatu alikuwa akifuta mikono.

"Pole, mwanangu," mwalimu alisema. "Nimeona ni dhambi kukunyang'anya kilicho bora. Chukua yako mekundu, mimi nitavumilia haya."

"Mama, hayo mekundu hayashiki," ikamponyoka.

"Hayashiki?" mwalimu aliuliza kwa sauti ya darasani. Wapakuaji wakasogea.

Sabuni akameza mate yenye mchanga. "Yanashika."

"Basi tumeelewana."

"Ulijua tangu lini, mama?"

"Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini. Nilijua ulipoanza kuapa."

Fundi viatu alifunga magurudumu yote manne, mekundu kwenye baiskeli ya Sabuni, ya Sabuni kwenye ya mwalimu. Mwalimu akabana breki, gurudumu likasimama tuli, na furaha ikamjaa hadi akacheka peke yake. Kisha akateremka taratibu kwenda kumwona pacha wake.

Wapakuaji wakampisha Sabuni njia ya mteremko. "Panda, kaka. Si yanashika?"

Sabuni akajipangusa, akaikokota baiskeli yake, akasema daktari amemshauri atembee.